Mfahamu Kipunji, Kima wa Milima ya Jirani Zetu

Siku moja, katika darasa la jioni la kijiji kimoja cha Ileje, tuliuliza swali dogo. Tulisema, "Kila mtu ataje mnyama mmoja anayemjua, ambaye hayumo katika vitabu vyetu vya kusomea." Kwanza watu walinyamaza. Halafu mzee mmoja akataja ndege wa bondeni kwao. Mama mmoja akataja panya anayemwibia mihogo. Baada ya muda ubao ulijaa majina, na sisi walimu hatukujua hata nusu ya wanyama wale.

Mzee yule akacheka. Akasema, "Mwalimu, kumbe na sisi tunawafundisha!"

Ni kweli, mzee wetu. Na leo tunataka kueleza habari za mnyama mmoja ambaye wanakijiji walimjua kwa jina, lakini vitabu vya dunia nzima havikuwa na habari zake hata kidogo mpaka mwaka 2005. Mnyama huyo haishi mbali. Anaishi katika milima ya jirani zetu wa Rungwe. Ukipanda basi asubuhi hapa Tunduma, ukapita Vwawa na Mbeya, ukashika njia ya Tukuyu, kabla ya jioni utakuwa chini ya mlima anakoishi. Tena tukumbuke kwamba mpaka mwaka 2016, Songwe yetu ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Kwa hiyo mnyama huyu ni wa kwetu pia.

Jina lake ni kipunji.

KIPUNJI NI MNYAMA GANI?

Kipunji ni kima. Ni mkubwa kuliko tumbili tunaowaona mashambani. Kutoka kichwani mpaka mwanzo wa mkia, dume lina urefu wa karibu sentimita 85 hadi 90, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili. Uzito wake ni kilo 10 hadi 16 hivi. Yaani hafikii uzito wa debe moja la mahindi.

Manyoya yake ni marefu na mazito, rangi ya kahawia. Tumbo na ncha ya mkia ni nyeupe nyeupe. Uso wake ni mweusi. Mashavuni ana ndevu ndefu, na utosini nywele zimesimama kama kishungi. Mtu akimwona mara moja hamsahau.

Manyoya hayo mazito yana kazi yake. Kule juu mlimani kuna baridi kali. Usiku mwingine baridi hushuka chini ya nyuzi 0, na umande huganda ukawa barafu. Kima wa pwani asingeweza kulala huko. Kipunji analala bila taabu, kwa sababu blanketi lake amezaliwa nalo.

Sauti yake pia ni ya pekee. Dume hutoa mlio mzito wa kubweka, unaosikika mbali msituni. Mlio huo huwaita wenzake na kuwaonya makundi mengine. Wataalamu walipousikia walijua kwamba huyu si yule kima waliyemzoea.

ALIJULIKANAJE?

Habari hii ndiyo inayotufurahisha sisi watu wa elimu ya watu wazima. Tafadhali isome polepole.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe. Mtafiti ni mtu anayechunguza jambo ili aujue ukweli wake. Kiongozi wa watafiti hao alikuwa Tim Davenport wa Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori la WCS. Pamoja naye walikuwamo Watanzania, kama vile Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Watafiti hao hawakuingia msituni na darubini peke yake. Walikaa na wawindaji na wazee wa Kinyakyusa, wakawauliza: "Humu msituni kuna wanyama gani?" Wawindaji wakataja wanyama wengi. Miongoni mwao wakataja kipunji, kima mwenye haya, anayekaa juu sana mitini.

Watafiti walikuwa na shaka. Katika mazungumzo ya wazee, wanyama wa kweli na wanyama wa hadithi hutajwa pamoja. Je, kipunji alikuwa wa kweli au wa hadithi? Hata hivyo hawakudharau walichoambiwa. Walianza kumtafuta. Msitu ule una milima mikali, miti mirefu, mianzi na ukungu, na kipunji ni mwoga. Katika mwezi wa Mei mwaka 2003 walimwona kwa mara ya kwanza, lakini hawakumwona vizuri. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wakamwona vizuri katika msitu wa Livingstone, jirani na Mlima Rungwe. Hapo wakajua kwamba wazee walisema kweli.

Mambo ya dunia yana maajabu. Mwaka 2004 kundi lingine la watafiti, akiwemo Trevor Jones, lilimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Kutoka Rungwe mpaka huko ni karibu kilomita 350. Makundi haya mawili hayakujua kwamba yanatafuta mnyama mmoja. Yalipopata habari yaliungana, na mwezi wa Mei mwaka 2005 yakaitangazia dunia kupitia jarida la Science: Tanzania kuna kima mpya.

Lakini jamani, alikuwa mpya kwa nani? Kwa wazee wa Rungwe hakuwa mpya. Alikuwa mpya kwa vitabu. Hata jina lake la kitaalamu walilitoa kwa wazee hao hao. Leo mtaalamu wa Marekani, Ujapani au Uingereza akitaka kumtaja kima huyu, hana budi kutamka neno la kijijini: kipunji.

MTEGO WA SHAMBANI

Mwaka 2005 kipunji mmoja, dume changa, alinaswa katika mtego wa mkulima karibu na Mlima Rungwe, akafa. Mkulima yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akilinda mahindi yake, kama yeyote kati yetu anavyofanya.

Watafiti walipata mwili wa mnyama yule, wakaupima na kuuchunguza. Wakaona kwamba kipunji hakufanana kabisa na kima wengine waliodhaniwa kuwa ndugu zake. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba ana undugu wa karibu na nyani. Kwa hiyo mwaka 2006 akapewa ukoo wake peke yake, unaoitwa Rungwecebus, maana yake kima wa Rungwe. Kwa Afrika nzima, ukoo mpya wa kima ulikuwa haujatangazwa tangu mwaka 1923. Ni miaka 83!

Basi mtego mmoja ulileta elimu kubwa. Lakini mitego kama hiyo ikiwa mingi, elimu itabaki na mnyama hatabaki.

MAISHA YAKE MSITUNI

Kipunji hukaa kwa makundi. Kundi moja huweza kuwa na wanyama 25 hadi 39. Kundi lina madume, majike na watoto. Husafiri pamoja, hula pamoja, na hupeana habari kwa milio. Tai mkubwa akionekana angani, mmoja hulia na wote hujificha.

Muda mwingi wa maisha yake yuko juu mitini. Hushuka chini mara chache tu. Hapo ndipo ugumu wake ulipo. Panya akikatiwa msitu ataishi kichakani. Nyani akikatiwa msitu ataishi kwenye mawe. Kipunji akikatiwa msitu hana pengine pa kwenda.

Chakula chake ni cha aina nyingi. Hula matunda, majani machanga, maua, magome, mbegu, kuvu za mitini na wadudu. Watafiti waliomfuata wamehesabu zaidi ya aina 100 za mimea anayokula. Akila tunda hapa, mbegu yake huiangusha kule. Kwa njia hiyo hupanda miti bila jembe. Wanyama wa msituni wala matunda ni mabwana shamba wa msitu.

WAMEBAKI WANGAPI?

Ndugu wasomaji, sasa tufanye hesabu kidogo.

Mwaka 2008 watafiti walitangaza hesabu yao ya kwanza ya kipunji. Walikuta wanyama 1,117 tu, katika makundi 38. Kati yao, 1,042 walikuwa katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Waliobaki 75 walikuwa Ndundulu.

Fikiri kidogo juu ya kijiji chako. Kina watu wangapi? Vijiji vingi vya Mbozi na Momba vina watu zaidi ya 1,117. Yaani kipunji wote wa dunia nzima walikuwa wachache kuliko watu wa kijiji kimoja.

Na eneo lao je? Sehemu zote walizokutwa, zikiunganishwa pamoja, hazikufika kilomita 18 za mraba. Ingekuwa ni uwanja mmoja wa pembe nne, mtu mwenye miguu mizuri angeuvuka kwa saa moja.

Mwaka huo huo wa 2008 kipunji aliandikwa katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Lakini tusikate tamaa, kwa maana habari njema zipo. Hesabu iliyofanywa miaka zaidi ya 10 baadaye ilionyesha kwamba idadi yao imepanda. Akashushwa ngazi moja katika orodha ile. Bado yuko hatarini, lakini si kama zamani. Hii inatuonyesha kwamba kazi ya kutunza ikifanywa, matunda huonekana.

NI NINI KINACHOMHATARISHA?

Mambo ni manne.

Kwanza, kukata miti. Miti mikubwa hukatwa kwa mbao na kwa mkaa. Mti mmoja uliokua miaka 100 huanguka kwa nusu siku.

Pili, mashamba. Watu wanaongezeka na ardhi haiongezeki. Mkulima husogeza shamba la viazi au mahindi hatua 10 mwaka huu, hatua 10 mwaka ujao. Hakuna anayeona kwamba msitu umekwisha, kwa sababu unakwisha polepole.

Tatu, mitego na uwindaji. Mitego mingine hutegwa kwa ajili ya kipunji mwenyewe, kwa kuwa ameingia shambani. Mingine hutegwa kwa ajili ya paa au nguruwe pori. Lakini waya hauna macho. Hunasa yeyote anayepita.

Nne, msitu kukatika vipande. Jambo hili watu wengi hawalifahamu, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Msitu wa Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone vimeunganishwa na ukanda mwembamba wa msitu, mahali paitwapo Bujingijila. Ukanda huu ni kama daraja. Kipunji wa upande huu wakitaka kufika upande wa pili, hawana njia nyingine ya mitini. Ukanda huo uliharibiwa sana kwa kukatwa miti na kulimwa.

Sasa tuseme daraja limekatika kabisa. Kutatokea nini? Wewe mfugaji unajua jibu. Ukiwa na dume moja la mbuzi, na kila mwaka likawapanda watoto wake na wajukuu wake, baada ya muda utapata mbuzi dhaifu. Watazaa wachache na watakufa ovyo. Ndiyo maana mfugaji mwenye akili hubadilishana dume na jirani. Kipunji naye anahitaji kubadilishana. Daraja lake ni miti ya Bujingijila.

Wenye taabu hii si kipunji peke yao. Mbali sana, katika milima ya Himalaya huko bara la Asia, yuko mnyama anayeitwa panda mwekundu. Ni mkubwa kidogo kuliko paka, ana manyoya mekundu na mkia wenye mistari, na chakula chake kikubwa ni majani ya mianzi. Naye anaishi mitini, kwenye ukungu na baridi. Naye misitu yake imekatwa vipande, na hunaswa katika mitego iliyotegwa kwa wanyama wengine. Katika nchi ya Nepal, wanavijiji wenyewe wamechaguliwa kuwa walinzi wa misitu hiyo. Hutembea msituni, huondoa mitego, na huandika katika daftari wanachokiona. Ndiyo, huandika. Kusoma na kuandika kumekuwa silaha ya kutunza msitu.

MSITU WAKE NDIO MAJI YETU

Katika darasa letu kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kima huyu ananisaidia nini mimi? Simli, simuuzi, simkamui."

Swali hili ni zuri. Tulimjibu hivi: tazama anapoishi.

Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu zake ni miongoni mwa zile zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Mvua ikinyesha juu ya msitu, matone hupigwa kwanza na majani. Halafu huanguka juu ya takataka laini za majani makavu, yakazama ardhini polepole. Ardhi ya msituni ni kama sifongo. Hunywa maji wakati wa masika, na huyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu mito ya huko, kama Kiwira, haikauki. Hutiririka mpaka Ziwa Nyasa.

Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya mteremko usio na miti, maji hukimbia. Hubeba udongo mzuri, huziba mito, huharibu madaraja. Baada ya wiki mbili mto ni mchanga mtupu.

Mahali ambapo kipunji bado anaishi ni dalili kwamba msitu bado ni mzima. Akitoweka, ujue msitu unaumwa, na maji yatafuata. Kwa hiyo tukamwambia kijana wetu: humkamui kipunji, lakini unakunywa maji ya nyumbani kwake.

TUNDUMA INAHUSIKAJE?

Huenda mtu atasema, "Hayo ni ya Wanyakyusa. Sisi wa Songwe yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, tena sana.

Mfano wa kwanza ni chikanda. Watu wa Tunduma na ndugu zetu wa Nakonde, upande wa Zambia, wanakijua chakula hiki. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya chini vya maua ya okidi. Viazi hivyo hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga na pilipili, kisha hupikwa. Ni kitamu. Lakini okidi ikichimbwa kiazi chake, hufa. Viazi vingi sana vilichimbwa katika nyanda za Kitulo na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini, vikapitia mpakani petu kwenda Zambia. Mwishoni watu wakaona kwamba maua yanakwisha.

Kwa sababu ya maua hayo, mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ndani ya hifadhi hiyo umo pia msitu wa Livingstone, nyumba ya kipunji. Na mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ukafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Kwa hiyo mwuza chikanda wa Tunduma, maua ya Kitulo na kima wa Rungwe, wote wamefungwa kwa kamba moja.

Mfano wa pili ni mbao na mkaa. Mji wa Tunduma unakua haraka. Nyumba zinajengwa, vyakula vinapikwa, malori yanapita mchana na usiku. Mbao na mkaa vinatoka wapi? Mnunuzi anayenunua bila kuuliza ndiye anayemlipa mkataji mwizi. Kama hakuna mnunuzi, hakuna mkataji.

VIPI MKULIMA ANAYELIWA MAHINDI YAKE?

Mama mmoja alisimama darasani akasema kwa uchungu, "Walimu, ninyi mnasema tumtunze kima. Mimi nina watoto sita. Kima wakiingia shambani siku mbili, njaa imeingia nyumbani. Nani atanilipa?"

Darasa lote likanyamaza. Hatukuthubutu kumwambia kwamba shida yake ni ndogo. Mtu anayelala na njaa hawezi kusifu uzuri wa msitu. Anayemtaka mkulima atunze mnyama, hana budi kumsaidia pia alinde chakula chake. Mama yetu ana haki ya kulisema hilo mbele ya mkutano wa kijiji, na viongozi wana wajibu wa kumsikiliza.

Lakini zipo njia ambazo mkulima anaweza kuzitumia bila waya na bila sumu:

1. Mahindi yanapoanza kukomaa, majirani wafanye zamu ya ulinzi. Kima huja mchana, kwa hiyo zamu ni ya mchana. Familia kumi zikishirikiana, kila moja hulinda siku moja tu katika siku kumi.

2. Tusilime mahindi mpaka kwenye miti ya msitu. Tuache ukanda wazi uliofyekwa. Kima anaogopa kuvuka mahali peupe.

3. Ukingoni mwa msitu tupande zao ambalo kima hapendi, kama vile chai au pilipili. Mahindi tuyapande karibu na nyumba.

4. Tutundike mizinga ya nyuki ukingoni. Asali ni fedha, na nyuki ni walinzi wasioomba mshahara.

5. Hasara ikitokea, tuiandike: tarehe, mnyama gani, hatua ngapi za shamba zimeharibiwa. Tumpelekee Afisa Mtendaji wa Kijiji. Neno la mdomo husahauliwa, lakini maandishi hubaki.

Tukumbuke pia kwamba kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema hivyo. Kumtega kipunji kunaweza kumpeleka baba wa watoto gerezani, na hapo njaa ya nyumbani itazidi.

TUFANYE NINI SISI WA SONGWE?

Kwanza, tutunze misitu yetu wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Mkutano mkuu wa kijiji hukubaliana. Kamati huchaguliwa, wanaume kwa wanawake. Mipaka huwekwa na kuandikwa. Sheria ndogo hutungwa na kupelekwa halmashauri. Baada ya hapo msitu ni wa kijiji, na kijiji ndicho kinachosema nani akate, akate nini, na alipe kiasi gani. Mwulizeni Afisa Misitu wa wilaya. Ni kazi yake kuwaeleza.

Pili, kila kaya ipande miti ya kuni yake. Tutumie majiko yanayokula kuni chache.

Tatu, tukinunua mbao au mkaa, tuulize hati. Mfanyabiashara wa halali haoni vibaya kuulizwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwasikilize wazee na tuandike.

Kipunji aliishi milimani miaka mingi sana, na wawindaji walimjua. Lakini elimu yao ilikuwa mdomoni. Kama watafiti wangechelewa kuuliza, na msitu ukakatwa, na wazee wale wakafa, kipunji angepotea na jina lake lingepotea, na dunia isingejua kwamba aliwahi kuwapo. Ni wanyama wangapi, miti mingapi ya dawa, ndege wangapi wa Ileje, Momba na Mbozi ambao majina yao yako katika kichwa cha mzee mmoja tu?

Zamani tungeweza kusema, "Sisi hatujui kuandika." Leo hatuwezi kusema hivyo. Wewe unayesoma gazeti hili umehitimu kisomo. Kalamu unayo. Daftari la shilingi chache linatosha. Kaa na bibi au babu yako jioni, umwulize kama watafiti walivyowauliza wawindaji wa Rungwe. Andika jina la mnyama kwa lugha yenu, mahali anapoonekana, anachokula, na kama anaonekana zaidi au kidogo kuliko zamani.

Elimu ya kijijini ni elimu. Ikiandikwa, itatembea mbali kuliko miguu yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watafiti walikuwa na shaka walipoambiwa habari za kipunji? Walifanya vizuri kutodharau? Kwa nini?

2. Msitu wa Bujingijila unafananishwa na nini? Eleza kwa mfano wa mifugo yako.

3. Mwaka 2008 ilitangazwa hesabu ya kipunji 1,117. Kati yao, 75 walikuwa Ndundulu. Waliobaki walikuwa wangapi? Fanya hesabu bila kutazama juu.

4. Je, mama aliyeliwa mahindi alikuwa na haki? Kijiji chenu kingemsaidiaje?

5. Katika kijiji chenu, ni chanzo gani cha maji kilichokuwa na maji mengi zamani na sasa kimepungua? Nini kimetokea?

KAZI YA KUANDIKA

Mwulize mzee mmoja majina ya wanyama watatu wa porini ambao vijana wa siku hizi hawawajui. Andika mistari mitano juu ya kila mmoja. Njoo nayo darasani wiki ijayo, uwasomee wenzako kwa sauti.